Mwalimu Mmoja na Watoto Mia: Deni Lake ni kwa Nani?

Katika sharika zetu za pembezoni mwa Dar es Salaam, toka Bunju na Mabwepande upande wa Kinondoni mpaka Charambe, Mbagala na Chamazi upande wa Temeke, hapana usharika usio na waalimu wa shule. Wao ndio waimbaji wetu, ndio wazee wetu wa kanisa, na pengine ndio wanaowafundisha watoto Jumapili. Na mtu akikaa nao chini ya mwembe baada ya ibada, akasikiliza mazungumzo yao, atasikia swali moja likirudi kwa sura nyingi. Mmoja anena habari za madawati, mwingine habari za vitabu, mwingine habari za mitihani; lakini chini ya maneno hayo yote liko neno hili: Mimi ni mmoja, nao ni mia na zaidi. Siwezi kuwafundisha wote. Basi katika hao nimfundishe nani?

Wako watu wanaolihesabu swali hili kuwa la ufundi tu, kama fundi aulizavyo namna ya kupanga matofali. Mimi naliona kuwa ni swali la haki. Maana mwenye nyumba aliye na chakula kidogo na wageni wengi hana budi kuamua nani ale kwanza. Naye akikataa kuamua, hajaepuka jambo. Walio karibu na sinia watakula, na walio mbali watalala na njaa. Ndivyo ilivyo darasani. Mwalimu asiyechagua, madawati yamekwisha kumchagulia.

Kwanza yafaa tujue jinsi darasa hilo lilivyopata kuwa kubwa, kwa kuwa wengine husema ni uvivu wa wakubwa, na wengine husema wazazi wazaa mno, na pande zote mbili hawasemi yote. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1967 mji wa Dar es Salaam ulikuwa na watu wapata 272,000. Katika hesabu ya mwaka 2022 mkoa ulikuwa na watu 5,383,728. Na katika hao, Temeke peke yake ilikuwa na 1,346,674, na Kinondoni 982,328, ingawa Kigamboni ilikuwa imekwisha kutengwa na Temeke, na Ubungo kutengwa na Kinondoni. Mahali palipokuwa mikorosho na mihogo pamekuwa nyumba za kupanga, na kila chumba kina watoto. Nyumba huota upesi. Shule haioti hivyo.

Tena mlango wa shule umefunguliwa mara tatu. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, mpango wa elimu ya msingi kwa wote ulianza mwaka 1977, na kwa kuwa waalimu hawakutosha, vijana waliomaliza darasa la 7 walichukuliwa wakafundishwa kazi hukohuko vijijini huku wakifundisha. Kisha ada ya shule za msingi ikafutwa, na toka mwaka 2002 watoto wakamiminika. Na Januari 2016 ikawa hivyo tena, ada na michango ya lazima ilipoondolewa mpaka kidato cha 4. Kila mara watoto waliingia kwa siku moja, na vyumba vikafuata kwa miaka. Kipimo cha serikali kilikuwa watoto 45 kwa mwalimu mmoja. Lakini katika Mbagala mwalimu akiambiwa habari za 45 hutabasamu tu, kama mtu aliyetajiwa mahari ya binti wa sultani.

Mimi sitaililia milango hiyo kwa kuwa ilifunguliwa. Mtoto anayebanwa leo katika dawati moja na wenzake 4, kama si hivyo, angekuwa kituoni akiuza karanga. Msongamano wa madarasa yetu ni alama ya jambo jema lililotendwa nusu. Lakini nusu iliyobaki ameachiwa mwalimu mikononi, wala hakuulizwa.

Sasa na tufanye hesabu kidogo. Kipindi cha darasa la 1 kimezoeleka kuwa cha dakika 30, yaani sekunde 1,800. Wagawie watoto 120. Kila mtoto apata sekunde 15, na hapo hatujatoa muda wa kufuta ubao, wala wa kunyamazisha, wala wa kumtoa nje aliyetapika. Kwa sekunde 15 mtoto wa dawati la nyuma hawezi hata kujichomoa katikati ya wenzake akafika ubaoni. Kwa hiyo mwalimu hufanya lile liwezekanalo: huwauliza wote kwa pamoja, ‘Mmeelewa?’ Nao hujibu kwa pamoja, ‘Ndiyo, mwalimu!’ mpaka mabati yatetemeka.

Mimi huingia shuleni kwa kipindi cha dini, nami nimeisikiliza sauti hiyo kwa makini. Ni sauti mbili, wala si moja. Wanaojua hutangulia, na wasiojua hufuata nyuma yao kidogo, kama mgeni kanisani asiyeujua wimbo, atazamaye kinywa cha jirani yake na kuokota mwisho wa kila neno. Mwalimu aliye mbele husikia wimbo umekwenda vizuri. Mtoto asiyejua amefichwa na wenzake, tena amejifunza kitu kimoja vizuri sana, nacho ni kujificha.

Msidhani natia chumvi. Toka mwaka 2010 watu wa Uwezo walipita nyumba kwa nyumba katika Tanzania, Kenya na Uganda, wakamketisha kila mtoto peke yake na kumpa karatasi asome. Katika Tanzania walikuta ya kuwa walio wengi katika watoto wa darasa la 3 hawakuweza kusoma hadithi fupi ya Kiswahili ya kiasi cha darasa la 2. Wala si Kiingereza. Ni Kiswahili, lugha ya kucheza rede na ya kutumwa dukani. Watoto hao walikuwa wamekwisha kuitikia ‘Ndiyo, mwalimu’ kwa miaka miwili na zaidi.

Basi, nimfundishe nani? Jibu la kwanza, ambalo hapana mtu alisemaye wazi lakini wengi hulifuata, ni hili: wafundishe wanaofuata. Mwalimu ana muhtasari wa kumaliza, mthibiti ubora atakuja kuuliza amefika mada gani, na darasa la mtihani litahesabiwa kwa waliofaulu. Aliyefahamu akaa mbele. Mwalimu amtazama, moyo wake wapata faraja, naye aendelea. Simlaumu kwa faraja hiyo. Mtu apandaye mbegu hufurahi kuona jani. Ila tukubali ya kuwa mpango mzima wa shule humsukuma upande huo, hata asipotaka. Hata mahali pa kuketi: wenye akili nyepesi mbele, wazito nyuma, na walio nyuma huzidi kuwa wazito kwa sababu wako nyuma.

Na msaada usiopimwa hufuata njia ile ile. Katika miaka ya 1990 shule kadhaa za Busia, magharibi ya Kenya, zilipewa vitabu vya kiada, kisha watoto wakapimwa wakilinganishwa na wenzao wasiopewa. Walionufaika walikuwa ni wale waliokuwa wakifanya vizuri tangu zamani. Wengine hawakupata kitu, maana vitabu vilikuwa kwa Kiingereza, navyo viliandikwa kwa ajili ya mtoto ambaye si wao. Kitabu ni kitu chema; nani atakikataa? Lakini mtoto asiyefikia rafu hafaidiwi na wingi wa vilivyo juu ya rafu.

Jibu la pili ni lile ambalo watu wa kanisa hulikimbilia upesi, habari za mchungaji aliyewaacha 99 akamtafuta mmoja aliyepotea. Mama mmoja, mwalimu wa darasa la 2, alinijibu hivi: ‘Mchungaji, wewe wahubiri kondoo mmoja. Mimi nikiwaacha wale 99 nikainama kwa mmoja, nitakapoinua macho nitawakuta juu ya madawati, na wengine wako barabarani kwenye daladala. Na katika darasa langu aliyepotea si mmoja. Ni 60.’ Nilicheka, lakini neno lake ni zito. Mfano ule wafundisha thamani ya mmoja, nao haukutolewa ili kupanga kipindi cha dakika 30. Mwalimu akiambiwa kila siku kwamba kupenda ni kuwaacha wote kwa ajili ya mmoja, atachagua moja katika mawili: atajiona mwenye dhambi kila jioni mpaka azoee, ama ataacha kusikiliza.

Mimi naona kosa liko katika neno lenyewe ‘kufundisha’. Twafikiri ya kuwa deni la mwalimu ni muda, na kwa kuwa muda hautoshi, twasema deni halilipiki. Lakini kabla ya muda kuna deni jingine, nalo ni kumjua. Kila mtoto anadai ajulikane amefika wapi: ajua herufi tu, au silabi, au maneno, au asoma sentensi akafahamu maana yake. Deni hili laweza kulipwa kwa wote 120, tena bila shilingi moja. Watoto 6 kila siku, kila mmoja dakika 2 mezani kwa mwalimu huku wenzake wakinakili, ni dakika 12. Na kwa siku 20 za shule, yaani mwezi mmoja, mwalimu amewasikia wote mmoja mmoja, na daftari lake lina alama mbele ya kila jina. Mwezi wa pili aanza tena. Sisemi ni kazi rahisi. Kunakili kwa dakika 12 katika darasa la namna hiyo kwataka nidhamu iliyojengwa polepole. Nasema yawezekana, nami nimewaona wanaoifanya.

Na kisha kumjua, muda apewe nani zaidi? Hapa nasema bila kusita: yule asiyeweza bado kusoma. Wala si kwa huruma, ingawa huruma si dhambi. Sababu yangu ni hii. Mtoto anayejua kusoma, mwalimu akimwacha nusu saa, bado ana mwalimu mwingine, maana ana kitabu, ana ubao, ana maandishi ya kanga ya mama yake na ya nyuma ya bajaji. Mtoto asiyejua kusoma, mwalimu akimwacha, hana mwalimu yeyote chini ya jua. Kwa hiyo kumpa muda zaidi si kumpendelea. Ni kumpa pekee alichonacho, na kumnyima mwenzake kimoja katika vingi. Masomo mengine ni vyumba vya nyumba, kusoma ni mlango; na hapana haki katika kugawa vyumba kwa usawa huku nusu ya watu wamefungiwa nje.

Mtu atasema, mtoto mwepesi atadhulumiwa. Neno hili nalichukua kwa uzito, kwa kuwa wazazi wake nao ni washarika wetu, na kipaji chake ni amana. Tena ile sababu niliyoitoa yasimama tu ikiwa kweli ana kitu cha kusoma. Mahali ambapo kitabu kimoja chasomwa na watoto wengi, kusema ‘ana kitabu’ ni maneno matupu. Basi mwalimu anayemwondokea mtoto mwepesi ana wajibu wa kumwachia kitu mkononi: hadithi iliyonakiliwa katika karatasi, hesabu za ziada ubaoni upande wa kulia, gazeti la zamani. Asimwache mikono mitupu ati kwa kuwa atajisaidia.

Na habari ya kumtumia kuwafundisha wenzake ni ya zamani kuliko shule zetu. John Amos Comenius, askofu wa Ndugu wa Bohemia na Moravia, aliyezaliwa mwaka 1592, aliandika katika Didactica Magna, iliyochapwa mwaka 1657, ya kuwa mwalimu mmoja aweza kufundisha mamia, akiwagawa kwa makumi, kila kumi na kiongozi wao. Ndugu zetu wa Kanisa la Moravian walioko Rungwe na Tabora wanamhesabu kuwa mzee wao. Huko Madras, India, mwishoni mwa karne ya 18, Andrew Bell aliwaweka watoto kuwafundisha watoto, na herufi zikaandikwa mchangani. Na mwaka 1798 Joseph Lancaster alifungua shule yake London, mamia ya wavulana chini ya mwalimu mmoja, viranja katikati. Njia ikaenea duniani kwa kuwa ni rahisi kwa fedha. Ubaya wake nao ukaonekana: watoto walifundishwa kama askari gwarideni, na mkubwa aliyejua nusu akampa mdogo nusu ile ile kana kwamba ni nzima.

Lakini kwa nini tuende London? Pwani yetu ilikuwa na jambo hili kabla ya misheni ya kwanza kushuka. Katika vyuo vya Kurani, ambavyo majirani zetu wa Temeke na Kinondoni wanavyo mpaka leo, desturi ya zamani ilikuwa kila mtoto awe na ubao wake na somo lake juu ya ubao. Huyu yuko mwanzo kabisa, yule aliye kando yake amekwisha kuhitimu nusu, na hakuna aliyeona ajabu. Mkubwa humsikiliza mdogo, kisha mwalimu humsikiliza kila mmoja kabla ubao haujafutwa. Tuliojenga shule za madarasa tulileta mema mengi, lakini tulileta pia fikira hii ngeni, ya kuwa watoto waliozaliwa mwaka mmoja hupaswa kuwa ukurasa mmoja. Hata leo fikira hiyo yatusumbua kuliko upungufu wa chaki.

Kwa hiyo mtoto mwepesi awasaidie wenzake, lakini kwa mipaka. Afundishapo hujifunza mara ya pili. Alichotoa kinabaki kwake, hakipungui kama unga. Hata hivyo asifanywe nyapara. Asifanye kazi hiyo kila siku wala kipindi kizima, asipewe fimbo, asisahihishe madaftari ya mwalimu, na awe naye na saa yake ya kufundishwa jambo jipya. Upungufu wa waalimu ni deni la taifa. Haifai ulipwe na mtoto wa miaka 8.

Je, yafaa kuwagawa watoto kwa kadiri ya maarifa yao? Waalimu wengine waogopa, wasema wa kundi la chini watavunjika moyo. Iko habari ya kutufunza. Mwaka 2005, magharibi ya Kenya, shule 121 zilizokuwa na darasa la 1 lililojaa ziliongezewa mwalimu, darasa likawa mawili. Katika shule 61 watoto waligawanywa kwa kadiri walivyojua. Katika 60 waligawanywa kwa kura. Baada ya mwaka mmoja na nusu, watoto wa shule zilizogawa kwa maarifa waliwapita wengine, na wale waliowekwa katika nusu ya chini nao walipata faida. Waliofanya kazi ile walieleza ya kuwa mwalimu aliyekuwa na watoto wa kiasi kimoja aliweza kuanza pale walipo. Lakini angalieni: palikuwa na mwalimu wa pili. Katika shule zetu nyingi hayupo, na mgawanyo hufanywa ndani ya chumba kimoja, huku kundi moja likisoma na kundi jingine likihesabu vizibo vya soda kimyakimya, kama kimya chapatikana.

Tena mgawanyo una sumu yake. Nimesikia makundi yakiitwa kwa majina ya dharau, na mtoto akaulizwa nyumbani, ‘Wewe uko kundi gani?’ akainama. Kundi na liwe kama kituo cha basi: mtu husimama hapo ili aondoke. Likipimwa kila mwezi, na mtoto akaonekana akihama, hapana aibu. Lisipopimwa, limekuwa gereza, na bora lisingeanzishwa. Na madawati yahame vilevile. Kila Jumatatu safu ya nyuma ije mbele, ila wenye macho mabovu na masikio mazito wakae mbele siku zote.

Hapa sina budi kusema neno juu ya fimbo. Kanuni za serikali za mwaka 2002 ziliruhusu viboko visivyozidi 4, vipigwe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyepewa ruhusa naye kwa maandishi, kwa kosa kubwa, na viandikwe kitabuni. Kila mtu ajua ya kuwa katika darasa la watoto mia fimbo haingoji maandishi. Sitazungumza leo juu ya utovu wa adabu. Hilo lina hoja zake. Nasema juu ya mtoto anayepigwa kwa kuwa hajui. Amekaa nyuma, hakusikika kwa miezi mitatu, hakuna aliyemwuliza peke yake. Siku atakapoulizwa ashindwa, naye apigwa. Deni lilikuwa la nani? Mdai amepigwa na mdaiwa. Na baada ya hapo mtoto yule atajificha zaidi ndani ya sauti ya wenzake, na mwalimu atakuwa ameuzima mwanga mdogo aliokuwa nao wa kumwona.

Liko na jambo jingine ambalo waalimu hawapendi tuliseme, lakini twasema kwa kuwa twawapenda. Ni twisheni. Mshahara ni mdogo, nauli toka Chamazi ni ile ile kwa maskini na tajiri, nami siwezi kumwita mwizi mtu anayefundisha jioni ili alipe kodi ya nyumba. Lakini ikiwa mwalimu yule yule humfundisha mtoto yule yule, asubuhi nusu na jioni nzima, amekuwa kama wenye maduka wa miaka ile ya shida, waliosema sukari hakuna huku gunia liko chini ya meza. Na tazameni ni nani asiyekuja jioni: ni yule yule wa dawati la nyuma, ambaye mama yake auza vitumbua. Asubuhi hakuonekana kwa sababu ya wingi, na jioni hakuonekana kwa sababu ya shilingi mia chache.

Wakubwa wengine wamejaribu kuitumia fedha kwa njia nyingine. Mwaka 2013 na 2014 Twaweza walifanya jaribio katika shule 350 za wilaya 10 za Tanzania. Shule nyingine zilipewa shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi; katika nyingine waalimu waliahidiwa shilingi 5,000 kwa kila mtoto atakayefaulu kila somo; nyingine zikapata yote mawili, na nyingine hazikupata kitu. Fedha za shule peke yake hazikuongeza maarifa ya watoto. Zilipounganishwa na ahadi kwa waalimu, maarifa yaliongezeka wazi. Mimi nasoma habari hiyo kwa furaha na kwa hofu. Furaha, kwa kuwa yaonyesha waalimu wetu si wavivu kwa asili, bali juhudi yao hupanda ikithaminiwa. Hofu, kwa kuwa anayelipwa kwa kila mtoto avukaye mstari ataanza kutafuta kwa macho walio karibu na mstari; aliye mbali kabisa hatamletea kitu, na aliyekwisha kuvuka hana haja naye. Fedha yaweza kumwamsha mwalimu. Kumwambia amtazame nani haiwezi, isipokuwa watoao fedha wamelifikiri kwanza swali letu.

Nirudi kwa sisi tusio waalimu, maana mwalimu aliyesoma mpaka hapa aweza kusema, ‘Mchungaji ameniongezea mzigo.’ Ni kweli, mwalimu akitenda yote niliyotaja, bado watoto 120 ni wengi mno, na deni litabaki. Wala sitaki mtu alale akijihukumu kwa deni ambalo si lake peke yake. Kuwataka wakubwa waongeze vyumba na waalimu ni haki yetu, nasi tuseme hivyo katika mikutano ya mitaa bila kuchoka. Lakini kuna saa zinazopotea mbele ya macho yetu. Shule nyingi za Mbagala na kwingineko huingia kwa zamu; mtoto wa zamu ya mchana huzurura asubuhi nzima, naye wa asubuhi huzurura alasiri. Na kanisa letu, lenye viti na paa na pengine ubao wa zamani wa kwaya, limefungwa kufuli toka Jumatatu mpaka Ijumaa.

Wainjilisti na waalimu wa Jumapili, ninyi mna watoto 30 au 40, si 120. Anzeni nao wiki hii. Kila mtoto apewe dakika 2 asome mistari minne ya kitabu chochote cha darasa la 2, peke yake, mahali wenzake hawamsikii, asichekwe. Andikeni: herufi, silabi, maneno, hadithi. Wale wa herufi na silabi waitwe kanisani siku mbili kwa wiki kwa zamu zao, wawe wa usharika ama wa jirani Mwislamu, bila malipo na bila mahubiri, kwa kuwa wazazi wao wamewaleta wasome. Kadi za herufi zakatwa katika maboksi ya sabuni. Na mzee mmoja wa kanisa aende na orodha hiyo kwa mwalimu wa darasa, ampe mkononi kwa heshima, amwambie, ‘Mwalimu, hawa watano wako kwenye silabi, tunawasikiliza sisi Jumanne na Alhamisi.’ Huyo atakuwa amepunguziwa watoto watano katika wale 120, naye atajua kwa majina ni nani.